Mgongo wa Mkawasi

Punda hafuati kamba, hufuata mgongo. Methali hii ilianza hivi. Nanyi mnaocheka kwa kuwa mmezoea ile ya "Punda haendi bila kigongo", tulieni kwanza. Shangazi yenu hakumwambia bwana harusi maneno hayo ya mgongo leo arusini kwa kukosa la kusema.

Katika milima ya Taita, mwaka mmoja chemchemi zilipokauka, msichana aliyeitwa Mkawasi alifiwa na mama yake, akaachiwa punda. Punda hao ndio waliopandisha maji ya kijiji kutoka bwawa la nyikani. Mama alipokuwa hai walikwenda bila kelele, na hakuna aliyejisumbua kutazama aliwaendeshaje. Kwa Mkawasi waligoma. Kila walipofika penye jabali, njia inapoanza kupanda kwa ukali, jike kongwe aliyewatangulia wenzake, jina lake Kijivu, alikita miguu. Wengine nao wakakita.

Si kwamba Mkawasi alikuwa mvivu. Alifanya kama watu wote wa kwao walivyofundishwa: mnyama sharti umgeukie, umkazie macho apate kumjua bwana wake, ndipo uvute kamba. Alivuta hadi viganja vikachubuka. Maji yalimwagika, jua likazama, watu wakalala na kiu.

Mjomba wake Mwandawiro hakuwa mtu mbaya, ila subira yake ilikuwa fupi kama mkia wa mbuzi.

"Mwanangu," alisema, "wakigoma tena, siku ya gulio nawapeleka wakabadilishwe na mbuzi."

"Mjomba, hao ndio niliobakiwa nao kwa mama."

"Na mimi alikuwa dada yangu. Lakini watoto wanalia maji."

Mkawasi aliteremka nyikani kwa moyo mzito. Aliwaacha punda wanywe, naye akaketi kwenye kivuli chembamba cha mgunga. Joto lilikuwa limelala juu ya nchi. Kwa mbali mazigazi yalicheza, na ndani yake wakatokea punda milia, miguu yao haionekani, wakawa kama wanaelea juu ya maji yasiyokuwapo. Mkawasi hakujua kama yu macho au amesinzia. Aliwatazama tu, na kwa mara ya kwanza tangu msiba, kifua chake kikalegea.

Walikuja polepole hadi bwawani. Mbele yao alikuwa jike mmoja mzee, sikio lake limechanika. Dume kijana alipojipenyeza kunywa kabla ya wakati wake, yule jike alimgeukia, akamkazia macho, akayalaza masikio. Hakumgusa. Dume akarudi nyuma, akasimama pembeni kwa adabu. Baadaye, kundi liliposhiba maji, jike yule hakumtazama yeyote. Aligeuka, akashusha kichwa, akatoa pumzi ndefu, akaanza kwenda. Na wote, hata yule dume, wakamfuata hadi vumbi likawameza.

Mkawasi alikaa pale, mdomo wazi. Kisha akacheka peke yake, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka. Siku zote hizo alikuwa akimwambia Kijivu kwa macho yake, "Rudi nyuma!" huku mikono ikimwambia, "Njoo!" Maskini mnyama angemsikiliza nani?

Akapakia vibuyu, akaondoka. Penye jabali alimkuta mjomba anawangoja na fimbo mkononi. Kijivu alipoiona, akakita miguu.

"Si nilikwambia?" Mwandawiro alisema, akisogea.

"Mjomba, nakuomba. Usimkabili. Pita nyuma yetu, na fimbo uiweke chini."

"Mnyama asiyetazamwa atajuaje nani mkubwa?"

"Anajua. Sisi ndio hatujui. Nipe safari hii moja tu, nikishindwa, wapeleke."

Mzee aliguna, lakini aliiweka fimbo na kupita nyuma. Mkawasi akafungua kamba shingoni mwa Kijivu, akajitupia begani. Akageuka, akashusha mabega, akatoa pumzi yote aliyokuwa nayo. Akaanza kupanda.

Nyuma yake kimya. Enyi wanangu, kimya kile kilikuwa kizito kuliko maji ya vibuyu! Shingo ilimwasha kutaka kugeuka. Alijua akigeuka ameharibu, na asipogeuka huenda anapanda peke yake, na punda wa mama ndio basi tena. Hata hivyo aliendelea, taratibu, kama mtu aendaye kwao.

Ndipo akasikia kwato juu ya jiwe. Mara pumzi ya moto ikamgusa begani. Mkawasi alilia waziwazi, wala hakugeuka.

Juu kileleni wanawake walishangilia maji yakiingia kijijini. Sasa Mkawasi alitazama nyuma. Punda walikuwa wote, mizigo haijamwagika hata tone. Nyuma yao alikuja Mwandawiro, mikono mitupu, kichwa ameinamisha, hatua zake zikienda sawa na zao.

"Mjomba," jirani mmoja alimtania, "na wewe umefungwa kamba gani?"

Mwandawiro alisimama, akajitazama mikono kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Akamtazama Mkawasi, akasema:

"Punda hafuati kamba, hufuata mgongo."