Kondoo Aliyevaa Ndoo

Ndugu zangu, twendeni Ayalandi kidogo, nchi ya mvua na malisho. Huko palikuwa na bibi mmoja, mtunzi wa vitabu vya watoto, mwenye desturi yake. Kabla ya kupeleka kitabu kwa mchapaji, aliwasomea kwanza watoto wa shule ya kijijini, penseli nyekundu mkononi. Mtoto akigeuza macho, bibi anachora mstari. Penye mstari, anafuta. Miaka thelathini hakuwahi kujihurumia.

Siku moja akaja na kitabu chake cha mwisho. Alitaka kukituma siku hiyohiyo, na posta ilikuwa inafungwa saa kumi. Ndani ya kitabu mlikuwa na ukurasa mmoja kuhusu mvua, alioutunga majira yote ya baridi, akaulilia, akaupenda kuliko yote aliyowahi kuandika. Akaufikia, akaanza kuusoma. Mara, kule nyuma:

"Jamani! Kondoo amevaa ndoo!"

Lo! Darasa zima dirishani! Kondoo wa jirani alikuwa ametumbukiza kichwa kwenye ndoo kikakwama, naye anazunguka uwanjani akigonga ukuta, ngo! ngo! ngo!

"Kaeni!" mwalimu akapiga meza. "Hamna adabu nyie! Bibi, tusamehe. Ni huyo kondoo tu. Wewe endelea."

Ni huyo kondoo tu! Mnaona mlango wa kisingizio ulivyomfungukia? Nani kati yetu asingepita? Hata yeye moyo ulimwambia: pita, ukurasa wako umepona. Lakini penseli ilikuwa mkononi. Akaruka kurasa kadhaa mbele, akaanza kusoma habari za bata bukini aliyeiba kofia ya askofu, kwa sauti ileile, bila kuipandisha hata kidogo.

Kondoo bado, ngo! ngo! Mtoto mmoja akageuka. Wa pili. Wa tatu akavuta kiti.

"Aliibaje, Bibi? Askofu hakumwona?"

"Nyamaza wewe, tusikie!"

Punde dirisha likawa tupu. Kondoo na ndoo yake, peke yao!

Bibi akacheka mpaka akalia, na si machozi yote yalikuwa ya kicheko. "Mwalimu," akasema, "watoto wako wana adabu. Asiye na adabu ni ukurasa wangu." Akauchana mbele yao, akawahi posta.

Na sisi? Tunasema watoto wa siku hizi hawasikii kanisani. Tumewafinya, tumewatoa nje, tumelaumu simu na mpira. Ni lini tulijaribu kufunua ukurasa mwingine? Habari tuliyopewa ni njema. Ikimchosha mtoto, tumemsomeaje?

Simnyooshei mtu kidole. Naanza na mimi, na penseli ninayo hapa mfukoni. Mama uliyekaa mbele, mwanao akigeuka leo kutazama mlangoni, usimfinye. Nipungie mkono mimi.