Nguchiro na Rangi ya Kudaka Jua

Mpo?
Tupo.
Mna kazi?
Hatuna.
Basi muda mnao. Sikieni.

Nguchiro alikuwa na digrii mbili za kemia na hakuwa na mshahara. Miaka mitatu alikuwa volunteer kwenye maabara ya Kiboko, yaani alipikwa huku akishukuru. Walitengeneza sola ya kupaka: unachanganya rangi mbili, unapaka kwenye plastiki. Jua likipiga, rangi ya mtoaji inaachia elektroni, rangi ya mpokeaji inaidaka, umeme unatembea. Mpokeaji wa zamani alikuwa mnene na ghali. Nguchiro alitaka mpokeaji mpya, molekuli ndogo, yenye njaa ya mwanga.

Akapika, akapaka, akaunganisha taa ndogo, akaanika juani. Taa ikalala.
Akapika, akapaka, akaanika. Ikalala.
Mara ya arobaini na mbili, taa ikafanya mwaa.

Kiboko akaja, tutu, tutu, tutu. Kesho yake Mama Tembo, mkuu wa bodi, angekuja na wenzake, na atakayewasha taa angepewa ajira ya kudumu ya kuongoza maabara.

"Shikamoo Prof."

"Hiyo ya kijani ndiyo nini?"

"Mpokeaji. Huyo ndiye mwenye akili."

"Na hiyo nyekundu?"

"Mtoaji. Anatoa tu, Prof, kama sisi."

"Mimi na kutoa wapi na wapi? Lete mpokeaji, chupa nzima. Na kesho ukae nyuma."

Nguchiro akampa. Kiboko hakuwa ameshika chombo cha maabara tangu apewe gari. Kwenye kijiko cha Nguchiro likabaki tone moja la kijani, na utando wa sola ni mwembamba kuliko bawa la nzi; tone latosha.

Kesho yake Kiboko akapaka, taa ikalala. Akaongeza, ikalala. Akamimina chupa yote, gluu gluu, ikalala fofofo.

"Mtoaji yuko wapi?" akauliza Mama Tembo.

"Mtoaji wa nini, mama?"

Bodi nzima ikatazama chini.

"Naomba dakika mbili, mama," akasema Nguchiro kutoka nyuma. Akachukua lile tone, akalichanganya na nyekundu, chu chu chu, akapaka, akainua juani.

Mwaa.

"Umejaribu mara ngapi?" akauliza Mama Tembo.

"Arobaini na mbili. Na ningefika mia."

"Jumatatu saa mbili uje usaini. Kiboko, mwachie funguo za maabara."

Ngano yangu imekauka, atakaye aipake kwake. Fundisho, vijana: waheshimuni wakubwa. Mkubwa akitaka yote, my friend, mpe yote.