Kwa Nini Mama wa Garun Dawa Huita Jina Mlangoni

Sogeeni, na atakayesinzia asije kesho kuniuliza. Zamani, katika nchi ya Wahausa, mama hakulitamka jina la mtoto wake wa kwanza tangu kumzaa hadi kuzikwa. Ilikuwa haya, na haya ile haikuwa na siku ya mapumziko. Jina la mkwe nalo lilikuwa mwiko.

Basi Delu, mjane wa kijijini, akapata habari kwamba binti yake wa kwanza, aliyeolewa mjini Garun Dawa, ana uchungu wa kuzaa siku ya pili. Akaacha mtama kinuni, akatembea kutwa nzima katika vumbi la kiangazi, roho juu juu. Lakini mji ulikuwa vitani, na mgeni hakupita langoni bila kumtaja mwenyeji wake.

“Karibu, mama. Umemfuata nani?” akauliza Barau, mlinzi wa lango.

“Mtoto wa watu, aliyeolewa humu.”

“Humu wote ni watoto wa watu. Anaitwa nani?”

Delu akatazama chini.

“Haya, mumewe je?”

Akafunika mdomo kwa ncha ya kitambaa.

“Mama yangu, mficha uchi hazai,” Barau akasema, akaziba njia. Hakuwa mtu mbaya, aliogopa amri.

Delu akakaa, akainuka, akaufuata ukuta wa udongo hadi pembeni, akarudi, akaenda tena. Mara ya nne akasikia nyuma ya ukuta sauti anayoijua ikilia, kisha ikanyamaza. Akangoja ilie tena. Haikulia. Hapo hofu ikaishinda haya.

“Asabe!” akapiga kelele. “Asabe! Asabe wangu, niko hapa!”

Barau alishtuka hadi mkuki ukamponyoka, akampisha. Ndani, Asabe alikuwa amekwisha kukata tamaa. Miaka kumi na minane mamaye alimwita “wewe” na “huyo”, naye akadhani hampendi. Akafumbua macho.

“Ni mama,” akamwambia mkunga. “Mama amenitaja.”

Akajikaza, na mtoto akazaliwa kabla Delu hajafika mlangoni kwake. Kulipokucha Delu akamwambia, “Wewe, kunywa uji,” na Asabe akacheka hadi akashika tumbo.

Na tangu siku hiyo, mama wa Garun Dawa huficha jina la binti yake wa kwanza miaka yote, ila siku ya uchungu husimama mlangoni akaliita mara tatu. Wapo wasichana huko wanaoogopa sana kuzaa, lakini siku hiyo wanaitamani.