Mkaja wa Mwantumu

Hapo zamani, na wala si zamani ya majini na wafalme, zamani ya karibu tu, ya friji za mafuta ya taa, palikuwa na kijiji kikiitwa Kwamnele. Sogeeni. Wewe hapo nyuma, utamaliza huo muhogo kwanza au nianze? Haya, nimeshaanza, tafuna polepole.

Kwamnele ilikuwa na kila kitu, isipokuwa vile anavyovihitaji mtu akiugua. Zahanati ilikuwapo, tena na mlango wa buluu, na ndani vidonge vya malaria na vya kichwa. Ukiumwa malaria, una bahati. Ukiumwa kichwa, una bahati. Ukiumwa kingine, hospitali iko mjini, na mjini unakwenda kwa lori la mkaa, likitaka kuja, na mvua ikikubali.

Hapo Kwamnele aliishi binti mmoja, Mwantumu, mtoto wa Mzee Semboja. Mama yake mzazi alifariki Mwantumu akiwa bado ananyonya, na upande wa mama hakubaki ndugu hata wa kuulizwa. Semboja akaoa tena, akamwoa Bi Mwajabu. Bi Mwajabu akazaa wavulana watupu. Binti alikuwa huyo mmoja tu, wa kumkuta.

Basi meno ya utoto yalipoanza kumng'oka, Mwantumu akaanza kunywa maji. Anakunywa, analala, anaamka, anakunywa tena. Anakula kuliko baba yake na anakonda. Watu wakasema ana minyoo, wengine wakasema amekanyaga vya watu njia panda. Bi Mwajabu hakujali minyoo wala njia panda. Yeye alikuwa ameona sisimizi. Kila Mwantumu alipokojoa nyuma ya nyumba, sisimizi walikuja wakajaa palepale, na mahali pengine hawapo. Akamfunga mtoto mgongoni, mkubwa vile, miguu inaning'inia, akapanda naye lori la mkaa.

Mjini daktari akasema ni kisukari. "Mama, mtoto huyu ataishi vizuri tu. Ila achomwe insulini kila siku, maisha yake yote. Na dawa ikae kwenye baridi. Isipate joto, isigande. Nyumbani mna friji?"

Bi Mwajabu akacheka. Akacheka mpaka machozi yakamtoka, na yalipotoka hayakuwa tena ya kucheka.

Mmeona kazi hiyo? Dawa iko mjini, mtoto yuko Kwamnele. Dawa inataka baridi, Kwamnele jua linaivisha mahindi juu ya bati. Na hata dawa ikifika, hata baridi ikipatikana, lazima uwepo mkono wa kuchoma, leo, kesho, na keshokutwa. Kikikosekana kimoja, mtoto hayupo. Shikeni hapo.

Sasa mnisikilize kuhusu wanawake watatu.

Wa kwanza ni Bi Chausiku. Huyu alikuwa mfuga kuku, hakujaliwa mtoto, na aliolewa akaachwa kwa sababu hiyohiyo. Alikuwa akipeleka kuku wake sokoni mjini kwa lori. Aliposikia habari za Mwantumu, akaja kwa Semboja na tenga lake kichwani.

"Mimi mjini nakwenda tu," akasema. "Nipeni hiyo karatasi ya daktari."

Toka siku hiyo, Bi Chausiku akawa miguu ya Mwantumu. Anauza kuku, anakwenda dirishani hospitali. Siku nyingine wanampa dawa, siku nyingine wanamwambia, "Imeisha mama, kanunue duka la nje." Kuku waliotakiwa kumwezekea nyumba kwa bati wakaishia duka la nje. Akinunua, anakwenda kwa wauza samaki anaomba vipande vya barafu, anavitia kwenye chupa ya chai, anakifunga kile kichupa cha dawa kwenye kitambaa kisigande, anakaa juu ya magunia na chupa mapajani mpaka nyumbani. Watu walimcheka: Bi Chausiku na chai yake isiyonyweka! Na nyumba yake ilivuja mpaka uzeeni.

Wa pili ni Mama Kileo. Huyu si wa Kwamnele, alikuja na mume kutoka Kilimanjaro kufungua duka, mume akafa, duka likabaki. Na ndani ya duka, friji. Friji pekee Kwamnele nzima! Lilikuwa la mafuta ya taa, lina taa yake chini na utambi, na utambi ule usipokatwa vizuri linatoa moshi na baridi inakwisha. Hakuna aliyejua kulibembeleza ila Mama Kileo.

Semboja alipokwenda kuomba, Mama Kileo akaweka mikono kiunoni. "Hili ni friji la soda, Mzee Semboja. Mimi si mochari."

Semboja akaondoka kichwa chini. Lakini kesho yake Mwantumu mwenyewe akapita dukani, akaomba maji ya kunywa. Mama Kileo akampa. Akaomba tena. Akampa. Alipoomba tena, Mama Kileo akamtazama vile vimikono vilivyokonda, akaenda akatoa soda za rafu ya chini. "Mwambie baba yako alete hicho kichupa. Na kuku mmoja wa kununulia mafuta." Kuku akaletwa, wa Bi Chausiku. Baadaye hakuulizia tena kuku.

Tangu hapo Mama Kileo hakulala nje ya Kwamnele. Habari zilikuja kwamba mama yake mzazi amefariki, huko mlimani. Watu wakaenda kumpa pole, wakamkuta amepiga magoti anakata utambi, machozi yanadondokea kwenye mafuta. "Nikienda mazishi, nani atakaa na hili friji?" akauliza. Wakatazamana. Mama Kileo hakwenda.

Wa tatu mnamjua, Bi Mwajabu mwenyewe. Yeye alikuwa mkono. Nesi wa zahanati alimfundisha, kisha nesi akahamishwa. Kila asubuhi Bi Mwajabu anamchukua mtoto, anampeleka nyuma ya duka la Mama Kileo, anamchoma. Mtoto analia. Anakimbia. Kuna asubuhi alimfunga mikono kwa kanga ndipo akamchoma. Na sindano ikiisha, kazi bado: usile muwa, usilambe asali, uji wako huu hapa hauna sukari. Watoto wengine wanapewa, huyu ananyimwa. Majirani wakanong'ona, mama wa kambo huyo! Mwantumu akampa jina, Mama Sindano, na neno "mama" peke yake hakumwita. Bi Mwajabu alisikia. Hilo lilimuuma, msidhani halikumuuma, lakini kesho yake alichemsha sindano kama kawaida.

Ukaja mwaka wa mvua. Mto ukabeba daraja. Bi Chausiku yuko ng'ambo na dawa, lori limegeuka. Akashuka, akazunguka kwa miguu porini mpaka kwenye kivuko cha juu, akaingia majini, maji yakamfika shingoni, chupa ya chai iko kichwani. Kuku waliobaki tengani akawaachia mto.

Huku Kwamnele mafuta ya taa yameadimika. Mama Kileo akakusanya ya taa zake zote, akayatia kwenye friji, akakaa gizani na duka lake kama aliyefiwa tena. Soda hakuna tena. Ndani ya friji kuna kichupa kimoja tu, kinaelekea kuisha.

Na Bi Mwajabu? Asubuhi ile alikuwa amejifungua. Mkunga amemfunga mkaja tumboni, amemwambia, "Lala, mwanangu, usinyanyue hata kijiko." Jua likapanda. Hakuna mkono mwingine Kwamnele. Bi Mwajabu akaamka, mkaja tumboni, akashika ukuta, akashika uzio, akashika bega la Mwantumu, wakafika nyuma ya duka. Akamchoma. Siku hiyo Mwantumu hakulia. Alikuwa akitazama damu iliyochirizika kwenye kifundo cha mguu wa yule mwanamke.

Bi Chausiku akafika na chupa, imelowa nje, ndani bado baridi. Mtoto akanusurika.

Miaka ikaenda. Mwantumu akakua, akajua kujichoma mwenyewe, akawa binti wa kutazamwa. Akaja kijana mmoja, Sufiani, fundi seremala, anajua kila kitu kuhusu sindano na anamtaka hivyohivyo. Mahari ikapangwa. Siku ikafika, mshenga akaja na sinia, na juu ya sinia pamekunjwa nguo moja. Mkaja.

Mkaja mnaujua. Ni ile nguo anayojifunga mama akishazaa, tumbo lirudi. Binti akiolewa, mume analeta mkaja kwa mama yake binti, kumshukuru kwa tumbo lile. Unaletwa mmoja. Haugawanywi.

Mzee Semboja akataka kuusogeza kwa mkewe. Mshenga akamzuia. "Ngoja, bwana. Mkaja haupokewi kwa kuwa mke wa baba. Unapokewa na aliyezaa, na aliyezaa tumemzika. Basi aliyesimama mahali pake na aseme mwenyewe."

Watu wakasogea karibu. Kisha Bi Chausiku akasema, "Mimi. Mimi nimembeba huyu mtoto kwenye chupa ya chai miaka yote. Mwenzangu anabeba tumboni, mimi nilibeba mapajani, juu ya magunia ya mkaa. Sikuzaa. Hakuna sinia lingine litakaloletwa duniani mimi nikasogezewa."

Mama Kileo akasimama. "Pole, dada yangu, lakini dawa yako bila friji langu ilikuwa maji tu. Mtoto hukaa mahali akatunzwa mpaka awe tayari. Alikaa kwangu. Mimi sikumzika mama yangu mzazi kwa ajili yake. Nilikosa kuwa binti. Leo na mama nisiwe?"

"Ulikataa kwanza!" Bi Chausiku akamjia juu. "Uliita friji lako la soda! Ukataka na kuku, tena wangu!"

"Na wewe ulimletea kashata kwa siri, kila safari, mpaka akazirai shuleni! Nani alimbeba kwenda mjini siku ile kama si Bi Mwajabu?" Mama Kileo akamrudishia.

Bi Chausiku akainamisha kichwa. "Alikuwa akinitazama mikono," akasema taratibu. "Kila nikishuka, ananitazama mikono. Nilishindwa."

Bi Mwajabu alikuwa bado amekaa. Mshenga akamgeukia. "Na wewe, mama?"

"Mimi nilimuumiza," Bi Mwajabu akasema. "Kila siku ya Mungu. Hawa walimletea, hawa walimtunzia, mimi nilimuumiza. Mtoto akichukia dawa hamchukii aliyeileta, anamchukia aliyeshika sindano. Nilijua, nikashika. Nimezaa wavulana, sitaletewa mkaja mwingine. Lakini kuniita mama hajaniita, na mimi sitachukua kitu kwa mtoto kwa nguvu tena. Nilishamchukulia kwa nguvu vya kutosha."

Watu wakafuta macho. Mshenga naye akafuta, akijifanya ameingiwa na vumbi.

Hapo ndipo pazia la mlango lilipofunguka. Bi harusi hatakiwi kuonekana siku ile, mnajua, lakini Mwantumu alitoka. Hakuna aliyethubutu kumrudisha. Akaja mpaka kwenye sinia, akapiga magoti, akaunyanyua ule mkaja kwa mikono miwili.

"Mama aliyenizaa alinizaa mara moja, Mungu amrehemu," akasema. "Hawa wamenizaa kila asubuhi. Bi Chausiku, kashata zako zilikuwa tamu, na mpaka leo sijajuta. Mama Kileo, nilikuwa nakuja kuomba maji hata nisipokuwa na kiu. Bi Mwajabu..." Hapo sauti ikamkatika. Akajaribu tena, haikutoka.

Akasimama. Wale watatu sasa wote wamekaa mkekani, wameinamisha macho, kila mmoja mikono mapajani, hakuna aliyenyoosha. Mwantumu ameshika nguo. Akapiga hatua moja kwenye mkeka.

Msinitazame mimi. Mimi hapo nimefika mwisho wa yangu, yaliyobaki ni yenu. Yuko aliyetembea, na bila yeye dawa isingefika. Yuko aliyekesha na utambi, na bila yeye dawa ingeharibika. Yuko aliyechoma, na bila yeye dawa ingebaki kichupani, na yeye peke yake hakupendwa kwa kazi yake. Mkaja ni mmoja na haugawanywi, na binti amesimama mbele yao na neno limemkwama kooni.

Je, lile neno lililomkwama mbele ya Bi Mwajabu lilikuwa lipi, na nani alistahili kuufunga mkaja ule?