Chui Aliyeukumbatia Mtandao

Paukwa!
—Pakawa!
Mbona wengine midomo imejibu na macho yamebaki kwenye simu? Haya, tena. Paukwa!
—Pakawa!
Pakawa na nini?
—Tuambie wewe uliyekuwepo!
Sikuwepo, ila niliambiwa na aliyechungulia.

Basi, pakawa na mlima wa mawe, na juu yake mnara mrefu wa chuma. Watu waliusimamisha, wakaweka sanduku lenye swichi chini yake, wakaenda zao. Ukibonyeza swichi, ta! Sanduku linanguruma, vuuu! Mtandao unatapakaa bonde zima. Hauna waya, hauna miguu, lakini unafika.

Chui alipouona akasema, "Wangu." Akazungushia miiba, akalala juu ya sanduku. Anayetaka kuongea na nduguye anaambiwa, "Nyama mbele, mtandao nyuma!"

Bweha akaleta paja la sungura, yule mjanja wa siku zote, Mungu amrehemu. Ta! Vuuu! Akaongea mpaka Chui alipomaliza kutafuna. Ta! Kimya.

Kenge akaleta kambare. Ta! Vuuu! Lakini kambare ni laini. Kenge hajamaliza hata salamu, ta! Kimya.

Sasa, katika mawe yale yale alikaa Bi Pimbi, tangu mnara haujaota. Mdogo, mnono, mkia hana, lakini maswali! Binti yake Sikudhani aliolewa mlima wa pili, na alikuwa amejifungua mtoto wa kike. Kwao pimbi, jina la kifungua mimba hutolewa na bibi mzaa mama, nalo lazima lifike kabla kitovu hakijadondoka. Kikidondoka, mavyaa, mama wa mume, anatoa lake. Na mavyaa huyo, mimi si msemaji wa watu, alishatengeneza mdomo ampe mtoto jina la dada yake, yule aliyekutwa ghalani kwa watu, unga mpaka kwenye nyusi.

Bi Pimbi akachukua simu yake yenye kioo cha ufa, akaenda kwenye miiba.

"Hodi, Bwana Chui."

"Nyama mbele, mtandao nyuma!"

"Mimi mla majani, bwana wangu. Nyama nitaitoa wapi?"

Chui akamtazama tumbo. "Mbona umeivaa?"

Miguu ya Bi Pimbi ikataka kukimbia. Lakini macho yakauona mnara, udadisi ukaipiku hofu.

"Haya, utanila. Ila nisife na swali rohoni. Mtandao huu unatokea wapi?"

"Kwenye sanduku."

"Mbona basi mnara mrefu hivyo?"

Chui akaunusa mnara. Hakuwahi kuulizwa.

"Na kule juu kuna nani?"

"Hakuna mtu."

"Mbona Kunguru ametua?"

Chui akainua kichwa. Kweli, Kunguru alikuwa kileleni anajichokonoa bawa, hana habari na mtu.

"Amekuletea nyama?" akauliza Bi Pimbi.

"Hata mfupa!"

"Masikini! Basi anajichotea bure, utosini pako."

Weee! Chui akaukwea mnara, kwaru! kwaru! kwaru! Kunguru akaruka, "Kwaa! Nimefanya nini?"

"Kumbatia chuma, bwana wangu!" Bi Pimbi akaita, huku anapenya miibani. Akafika kwenye sanduku. Ta! Vuuu! Mnara mzima ukatetemeka.

"Bi Pimbi! Kuna kitu kinanitekenya tumbo!"

"Ndio wenyewe! Umeushika! Ukiuachia tu, unaondoka na Kunguru!"

"Na sanduku je?"

"Sanduku ni ganda tu, kokwa iko kifuani pako!"

Chui akakaza mikono na miguu. Bi Pimbi akapiga simu.

"Haloo, Sikudhani! Kitovu?"

"Kinaning'inia, mama! Na mavyaa amekiinamia, anakipulizia!"

"Mwambie, mtoto ana jina. Anaitwa Mbona!"

Kule simuni, nyuma ya Sikudhani, mtu akasonya, mfyuuu! Na kitovu, to! Kikadondoka. Bi Pimbi akapiga kigelegele mpaka mawe yakaitikia.

Bweha akaja, Kenge akaja, bonde zima likaja kuongea. Juu, Chui anauliza:

"Bi Pimbi, nishuke?"

"Unatekenya bado?"

"Bado."

"Basi usishuke!"

Njaa ilipombana, Chui akalegeza mkono mmoja. Pale pale upepo ukatikisa mti wa jirani. Bi Pimbi akapiga yowe, "Umehamia mtini! Ufuate!" Chui akaruka, pwaa! Akalikumbatia tawi. Tawi likayumba, tumbo likatekenyeka, akatulia. Mpaka leo ukimwona amelala mtini, tumbo kwenye tawi, miguu inaning'inia, usimwamshe. Yuko kazini.

Funzo ni hili, wajukuu zangu: udadisi ni tabia mbaya. Mkubwa akisema kitu ni chake, msiulize mbona. Mtazameni Bi Pimbi, maswali yamemletea nini? Mjukuu mwenye jina alilompa yeye, swichi isiyozimwa, na umbea wa milima miwili masikioni mchana kutwa. Aibu iliyoje! Laiti ingenipata mimi.

Ngano nimeimwaga hapo. Mwenye kawa aifunike, mwenye simu aisambaze.