Jogoo Aliyeomba Kunyakuliwa

Paukwa!
— Pakawa!
Paukwa sufuria.
— Pakawa ukoko!
Ukoko wa nani?
— Wa msimuliaji!
Haya, mkishaukubali hivyo msije mkaulilia baadaye. Songeni. Nawe Zefania, acha kumfinya mwenzio, hadithi yenyewe ina kucha za kutosha.

Hapo kale, kuku walipokuwa wakisema na kila mtu akiwaelewa, paliondokea jogoo mmoja jina lake Kishungi, kwa ajili ya manyoya yaliyomsimama kichwani kama kofia ya sherehe. Huyu bwana alipenda kusinzia dirishani pa kanisa. Mahubiri akiyasikia vipande vipande: neno moja, usingizi, neno jingine, usingizi. Jumapili moja akasikia kwamba wateule watanyakuliwa mawinguni. Akasinzia tena. Alipoamka, alikuwa nabii.

Akawakusanya kuku wote jaani. Akawaambia Jumapili ijayo ndiyo siku, basi kuchakura kuna faida gani tena, na mayai ya kuatamia ya nini. Chakula wamletee yeye awatunzie. Na kivuli kikipita juu, mtu asikimbie, maana kukimbia kivuli ni kukosa imani. Kisha akawafundisha kuitikia.

"Siku imefika!"
"Tunyakue!"

Sasa, palikuwa na kuku mmoja, Bi Kishingo, shingo yake haina hata unyoya. Alikuwa ametotoa vifaranga wengi, na Mwewe akawachukua mmoja mmoja, akabaki na mmoja tu, jina lake Punje. Bi Kishingo aliposikia lile neno, akajipenyeza mpaka mbele.

"Bwana Kishungi," akasema, "kunyakuliwa mimi nakujua. Watoto wangu wote wamenyakuliwa. Sijaona aliyerudi akicheka."

Akamwuliza huyo atakayekuja kunyakua ana kucha au hana. Jogoo akasema imani haiulizi mambo ya kucha. Kuku wakapiga makofi ya mabawa, na Punje naye akapiga, tena kwa nguvu. Mama yake aliona vibaya sana.

Jumapili ya kwanza ikafika. Wakasimama uwanjani, macho wamefumba, mabawa wamefungua. Siku imefika! Tunyakue! Ikanyesha mvua. Wakalowa mpaka wakawa nusu ya kuku. Jogoo akasema kuna mtu amekula mchwa katikati ya maombi. Wote wakamgeukia Bata, ambaye alikuwa mgeni tu. Bata akameza haraka.

Jumapili ya pili ikafika. Wakasimama uwanjani, macho wamefumba, mabawa wamefungua. Siku imefika! Tunyakue! Jua likawaka, mtetea mmoja akaanguka chali, wenzake wakashangilia kwamba ametangulia. Kumbe kazimia. Akamwagiwa maji. Jogoo akaomba radhi, akasema siku alizihesabu kwa mayai, na katika hesabu limeingia yai viza.

Mnacheka? Chekeni. Juu ya mvule alikaa Mwewe, anasikiliza. Tangu azaliwe hakuwahi kualikwa popote. Kila aendako watu wanapiga kelele na kurusha mawe, na leo anaimbiwa wimbo. Machozi yalimlengalenga, na mate pia.

Jumapili ya tatu ikafika. Punje akamwambia mama yake kwamba yeye atasimama mbele, kwa kuwa Jogoo amesema wadogo watatangulia. Bi Kishingo akambembeleza. Akamvuta. Akalia. Punje akachomoka, akaenda kusimama mbele ya wote, bawa lake dogo limefunguka.

Wakafumba macho wote, isipokuwa Bi Kishingo. Ndipo akakiona kivuli kikizunguka uwanja. Apige kelele? Nani atakimbia, na kukimbia ni kukosa imani? Hapo penye mkutano palikuwa na kinu kimefudikizwa. Bi Kishingo akamwendea Jogoo, akainamisha ile shingo yake tupu.

"Baba Kishungi, panda hapa juu ya kinu. Wanaokuja wasije wakakosa kukuona."

Jogoo akaona ni heshima inayomstahili. Akapanda. Bi Kishingo akarudi mbele mbio, akamkalia Punje.

"Siku imefika!"
"Tunyakue!"
"Siku imefika!"
"Tunyakue!"
"Siku—"
"Nimefika," akasema Mwewe.

Jogoo alifungua macho akining'inia hewani, juu ya paa la kanisa. Akaanza kupiga kelele kwamba si leo, amekosea hesabu, siku imeahirishwa.

"Umeniita Jumapili tatu," akasema Mwewe. "Mimi nina adabu, nikiitwa naitika."

Lakini Jogoo alikuwa mzito ajabu, maana chakula cha waumini alikitunza tumboni. Mwewe akahema, akayumba, kucha zikamwachia. Manyoya ya mkia yakabaki juu, mwenyewe akatua kwenye tope la nguruwe.

Akarudi jaani anachechemea, nyuma uchi. Kuku wakamzunguka, wakamwuliza mawinguni kukoje. Akakohoa, akanyoosha shingo atoe ushuhuda. Mara kikapita kivuli, cha shomoro tu. Jogoo akapiga yowe, akawa wa kwanza chini ya ghala. Wote wakamfuata, hata Bata.

Punje akachungulia kutoka bawani mwa mama yake. "Mama, mbona Jogoo amekimbia?"

"Amenyakuliwa, mwanangu," akasema Bi Kishingo. "Sasa anajua maana yake."

Ndiyo maana mpaka leo jogoo akitembea huinamisha kichwa upande, jicho moja kwenye mchanga, jingine mbinguni, na kivuli kikipita yeye ndiye wa kwanza kupiga kelele.

Msinitazame hivyo. Mimi nasali, na Jumapili mtanikuta kanisani, kiti cha mbele. Lakini akija mtu kuwaambia siku imefika, acheni kulima, acheni kulea, leteni chakula awatunzie, msibishane naye. Mpandisheni kwenye kinu, halafu kaeni juu ya watoto wenu.

Hadithi nimeitua hapo, aliyeipenda aibebe. Na ule ukoko uko wapi? Zefania, fungua mdomo nikuone.