Kwa Nini Watu wa Kalamisa Hawapigi Makofi Upesi

Mnawaona watu wa Kalamisa wanavyokaa kimya mchezo ukiisha, mkadhani wana maringo? Hawana. Tegeni masikio, tena msinikatize.

Hapo kale hakukuwa na mji wa Wayunani ulioshangilia kama Kalamisa. Kila sikukuu ya Dioniso, mungu wa divai, watu walijaa kwenye ngazi za mawe kutazama michezo. Waigizaji walivaa vinyago, na aliyepangiwa kufa alifia nyuma ya mlango, kisha mjumbe akaja kusimulia. Ndiyo ada waliyoikuta kwa babu zao.

Warumi walipoutwaa mji, liwali wao alichoshwa na habari za wajumbe. "Mwaka huu mfalme wa mchezo atafia mbele yetu," akaamuru.

Filina hakuwa na wasiwasi. Mumewe, Dorioni, ndiye aliyepangiwa kuigiza mfalme huyo, na kinyago chake Filina alikipaka rangi kwa mikono yake. Basi mfalme alipotokeza, askari akamchoma mkuki, akaanguka akitapatapa, Filina aliruka kwa furaha. "Mnamwona mume wangu anavyojua kufa!" Uwanja mzima ukalipuka kwa makofi. Wakangoja ainuke awainamie. Wakangoja. Makofi yakapungua, na damu ikazidi kutiririka.

Lahaula! Filina alishuka mbio, akakivua kile kinyago. Hakuwa Dorioni. Alikuwa mfungwa, kijana hata ndevu hajaota, mdomo umezibwa kwa kitambaa. Dorioni walimkuta nyuma ya mlango, amefungwa kamba na askari wa liwali, analia kama mtoto. Filina akaishukuru miungu. Kisha akaitazama mikono yake iliyopiga makofi, akaifuta kwenye nguo yake.

"Mtoto wa nani huyu, jamani?" akauliza. Hakuna aliyejua.

Liwali akapaza sauti kutoka kwenye kiti chake, "Mbona mmenyamaza? Shangilieni!"

"Bwana mkubwa," Filina akamjibu, "tunangoja ainuke kwanza."

Hakuna kofi lililolia. Liwali akafoka, akatishia, watu wameweka mikono mapajani, mpaka akaondoka mwenyewe.

Na tangu siku hiyo, mchezo ukiisha Kalamisa, watu huweka mikono mapajani. Aliyekufa huinuka, huvua kinyago, akataja jina lake na la mamake. Wakishamsikia, ndipo hupiga makofi.